Paka jike analia usiku kucha: sababu yake, na mfugaji afanye nini

Paka jike akianza kulia usiku, nyumba nzima hailali. Sauti yake si ile nyau ya kuomba chakula. Ni mlio mzito, wa kuvuta, unaofanana na kilio cha mtoto, na unaweza kuendelea kutoka jioni hadi alfajiri. Majirani wanalalamika. Wapo wanaosema ni mkosi, wapo wanaosema paka ametumwa, na wapo wanaotoka nje na fimbo.

Wengi wa wasikilizaji wetu wa vijijini hawafugi paka kwa urembo. Wanamfuga kwa sababu ya panya. Familia iliyoweka mahindi, mpunga au karanga ndani inajua hasara ya kukosa paka. Lakini kelele za usiku, na watoto wa paka wanaofuata baada ya miezi miwili, huwafanya baadhi ya watu kumpiga paka huyo, kumtupa mbali, kumwekea sumu au kumpa vidonge vya binadamu. Wanaishia kupoteza mlinzi wa ghala lao.

Jibu fupi ni hili. Paka huyo haumwi wala hajarogwa. Yuko kwenye joto, yaani anatafuta dume. Kelele zinakoma kwa muda akipandwa, na zinakoma moja kwa moja akifungwa kizazi na daktari wa mifugo. Njia nyingine nyingi za mkato hazisaidii, na baadhi zinamuua. Hapa chini tunaeleza kwa nini.

Joto la paka ni kitu gani

Mfugaji wa ng'ombe anajua joto. Ng'ombe jike hupata joto kila baada ya siku 21 hivi, hali hiyo hudumu chini ya siku moja, na mfugaji akichelewa kumpeleka kwa dume au kumwita mtaalamu wa uhamilishaji, anasubiri wiki tatu nyingine. Paka naye ana joto, ila la kwake lina utaratibu tofauti.

Paka jike wengi hupata joto la kwanza wakiwa na umri wa miezi 6 hivi. Wengine huanza mapema zaidi, wakiwa na miezi 4 tu, na wengine huchelewa hadi miezi 10 au zaidi. Kwa hiyo paka ambaye mwenye nyumba bado anamwona mtoto anaweza kubeba mimba.

Joto moja hudumu kama wiki moja. Kwa baadhi ya paka ni siku chache tu, kwa wengine hufika wiki mbili. Asipopandwa, hutulia kwa muda mfupi, kisha joto linarudi. Kwa kawaida linarudi baada ya wiki mbili au tatu, na mzunguko huo unaweza kujirudia mara nyingi mfululizo. Ndiyo maana mtu anaweza kusema, "Paka wangu analia kila siku." Si kila siku, lakini mapumziko yenyewe ni mafupi kiasi kwamba mtu hayaoni.

Ipo tofauti nyingine kubwa kati ya paka na ng'ombe. Yai la ng'ombe hutoka lenyewe wakati wake ukifika, awe amepandwa au hajapandwa. Yai la paka kwa kawaida husubiri dume. Tendo la kupandwa ndilo linaloupa mwili ishara ya kuachia mayai, na mayai hutoka siku moja au mbili baadaye. Mara nyingi kupandwa mara moja hakutoshi, kwa hiyo jike hupandwa mara nyingi katika siku hizo, tena na madume tofauti. Hapo ndipo lilipo jibu kwa wanaoshangaa kuona mzao mmoja una mtoto mweusi, mwingine wa madoa na mwingine wa rangi ya machungwa. Watoto wa tumbo moja wanaweza kuwa na baba tofauti.

Asipopandwa, mayai hayatoki, vichocheo vya mwili vinashuka, paka anatulia siku chache, halafu mwili unaanza upya. Yote hayo hufanywa na mwili wenyewe. Paka hachagui kulia, na kwa sababu hiyo fimbo haiwezi kumfundisha kunyamaza.

Kwa nini huku kwetu halina msimu

Katika nchi za Ulaya, paka wanaoishi nje hupata joto kwa msimu. Mwili wa paka jike hufuata urefu wa mchana. Uingereza, kwa mfano, mchana wa Desemba una urefu wa saa 8 hivi, na mchana wa Juni unazidi saa 16. Mchana ukiwa mfupi, paka wengi hupumzika. Ukirefuka, wanaanza.

Sisi tuko karibu na ikweta. Bukoba au Mwanza, mchana una takriban saa 12 mwaka mzima. Hata ukishuka hadi Mtwara, tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi haizidi sana saa moja. Kwa hiyo paka wetu hawapati ule muda wa giza unaowapumzisha wenzao wa Ulaya, na wanaweza kupata joto mwezi wowote wa mwaka. Ukisoma kwenye simu yako kwamba usubiri msimu upite, jua ushauri huo umeandikwa kwa watu wa mbali.

Dalili za joto

Paka aliye kwenye joto huonyesha mengi kati ya haya:

- Analia kwa sauti nzito na ndefu, hasa usiku.
- Anajisugua kwenye miguu ya watu, milango, vigoda na kuta kuliko kawaida yake.
- Anajigaragaza chini.
- Ukimpapasa mgongoni karibu na mkia, anainua makalio, anaukunja mkia upande mmoja na kukanyagakanyaga kwa miguu ya nyuma.
- Anajilamba sana sehemu za nyuma.
- Anakojoa sehemu zisizo za kawaida, wakati mwingine akirusha mkojo ukutani.
- Anataka kutoka nje kwa kila njia, na madume huanza kuzunguka nyumba.
- Anaweza kupunguza kula kwa siku hizo.

Paka kwenye joto hatoki damu. Ukiona damu au usaha nyuma, hilo si joto bali ni ugonjwa.

Usichanganye joto na haya

Mambo matatu huchanganywa na joto, na kila moja ni la haraka.

La kwanza ni kichaa cha mbwa, ambacho hushika paka pia. Paka aliye kwenye joto huwafuata watu na kutaka kupapaswa. Mwenye kichaa hubadilika tabia: mpole anakuwa mkali na kushambulia bila sababu, au mkali anakuwa mpole kupita kiasi, anatokwa na mate, anashindwa kumeza, sauti yake inabadilika, miguu inalegea, na hufa ndani ya siku chache. Ukimshuku paka wa namna hiyo, usimshike. Toa taarifa kwa afisa mifugo. Mtu aking'atwa au kukwaruzwa naye, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Asisubiri kuona kama ataumwa, kwa sababu dalili zikishaanza ugonjwa huu huua.

La pili ni usaha kwenye mfuko wa uzazi. Huwapata majike ambao hawajafungwa kizazi, mara nyingi wiki chache baada ya joto. Paka anapoa, hali, anakunywa maji mengi kuliko kawaida, tumbo linaweza kujaa, na huenda akatoa uchafu wenye harufu mbaya nyuma. Wakati mwingine uchafu hautoki kabisa na usaha unabaki ndani. Huyu asipotibiwa mapema hufa.

La tatu ni maumivu ya kukojoa. Paka anachuchumaa mara kwa mara, anatoa matone tu au hatoi kitu, na analia akichuchumaa. Huyu naye ni wa kupelekwa kwa daktari.

Hesabu ya watoto

Mimba ya paka huchukua wiki 9 hivi, yaani siku 63 hadi 65 kwa wengi. Mzao mmoja huwa na watoto 3 hadi 5. Tuseme ni 4. Jike anayeishi kwa uhuru na madume anaweza kuzaa mara tatu kwa mwaka. Hao ni watoto 12 kwa mwaka kutoka kwa paka mmoja. Kama nusu yao ni majike, wa mzao wa kwanza watakuwa wameanza kuzaa wenyewe kabla mwaka haujaisha.

Si wote wanaokua. Wengi hufa kwa njaa, minyoo, mafua ya paka, kukanyagwa na mbwa. Lakini hata kufa kwao kunafanyika uani kwako, mbele ya watoto wako.

Wapo wanaodhani wamemaliza tatizo wanapowatia watoto wa paka kwenye kiroba na kwenda kuwatupa sokoni, porini au mtoni. Mbali na ukatili wenyewe, kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Paka anayenyonyesha mara nyingi huchelewa kidogo kupata joto, ingawa si wote. Akinyang'anywa watoto, maziwa hukauka, na joto linaweza kurudi ndani ya wiki chache au hata siku chache. Aliyewatupa watoto leo atasikia kilio kilekile mapema kuliko kama angewaacha. Kutupa watoto kunafupisha mapumziko, halafu mzunguko unaanza tena.

Mambo ya kutofanya

Usimpe vidonge vya majira wala sindano ya uzazi wa mpango ya binadamu. Ushauri huu unasambaa sana mitaani kwa sababu dawa hizo zinapatikana kirahisi. Zinaweza kweli kunyamazisha joto kwa muda, na hapo ndipo zinapodanganya watu. Kwa paka, dawa za aina hiyo zinaweza kuleta usaha kwenye mfuko wa uzazi, uvimbe mkubwa wa matiti, saratani ya matiti na kisukari. Aliyekwisha kupata mimba na akapewa dawa hizo anaweza kushindwa kuzaa. Dawa za kuzuia joto la paka zipo, lakini kipimo chake na uamuzi wa kuzitumia ni vya daktari wa mifugo.

Usimpe paracetamol. Mtu humhurumia akidhani anaumwa, akamsagia kidonge. Mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa hiyo kama wa binadamu. Kidonge kimoja tu kinaweza kumuua. Aspirini na dawa nyingine za maumivu za binadamu nazo ni hatari kwake.

Usimwingize kijiti, pamba wala kitu kingine chochote nyuma. Hili nalo husemwa kuwa linamtuliza. Linaweza kumchana na kumletea maambukizi.

Usimpige wala kumfungia kwenye gunia au ndoo. Hatanyamaza, na atajifunza kuiogopa nyumba. Paka anayeogopa nyumba halindi ghala.

Usimwekee sumu, na usikubali jirani amwekee. Sumu haichagui. Kuku, mbwa, na mtoto anayetambaa wote wanaweza kuifikia.

Kumtunza siku za joto

Kama daktari yuko mbali au fedha bado hazijapatikana, kuna njia za kupita wiki hiyo bila mimba na kwa usumbufu mdogo.

Mfungie ndani usiku, na mchana pia kama inawezekana. Chumba cha ghala kinafaa, maana panya nao wapo humo. Muwekee maji, chakula, gunia kuukuu la kulalia, na boksi au beseni lenye mchanga au majivu yaliyopoa kwa ajili ya haja. Badilisha mchanga kila siku.

Kagua matundu. Madume hupita kwenye nafasi kati ya ukuta na bati, chini ya mlango na dirishani. Ziba kwa wavu au mbao. Kumbuka kwamba hata dume aliyezaliwa naye tumbo moja atampanda. Paka hawajali undugu, kwa hiyo kaka na dada wa nyumba moja watenganishwe.

Mpapase, mchezeshe kwa kamba au gunzi la mahindi, mpe chakula jioni kuliko mchana. Hutamnyamazisha kabisa, lakini paka aliyecheza na kushiba jioni hulala zaidi.

Mkojo ukutani usafishe kwa maji na sabuni, kisha unaweza kupitishia siki. Harufu ikibaki atarudi palepale, na madume nao watafuata. Epuka zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikichanganywa na maji. Nyingi zina kemikali zenye sumu kwa paka, naye huzimeza anapojilamba miguu.

Ongea na majirani. Ukimwambia mtu mapema, "Paka wangu yuko kwenye joto, ni wiki moja, na nina mpango wa kumfunga kizazi," unampunguzia hasira, na hata zile hofu za uchawi.

Suluhisho la kudumu: kumfunga kizazi

Kumfunga paka jike kizazi ni upasuaji. Daktari humpa nusukaputi, hufungua sehemu ndogo ya tumbo, huondoa ovari, na mara nyingi mfuko wa uzazi pia, kisha hushona. Ovari zikiondoka, vichocheo vya joto vinaondoka. Hakuna kulia kwa kutafuta dume, hakuna mimba, na kama kila kitu kimeondolewa hakuna pa kujaa usaha. Akifungwa akiwa mdogo, kabla ya joto la kwanza au mapema baada yake, hatari ya saratani ya matiti ukubwani hupungua sana.

Umri mzuri ni karibu na miezi 4 hadi 5, kabla hajaanza joto. Aliyepita umri huo bado anaweza kufungwa, hata kama amekwisha kuzaa mara kadhaa. Ule msemo kwamba lazima azae mara moja kwanza ndipo afungwe hauna faida yoyote kiafya kwa paka.

Akiwa katikati ya joto, madaktari wengine hufanya upasuaji na wengine hupendelea kusubiri, kwa sababu mishipa ya damu ya kizazi inakuwa imejaa. Ukisubiri, mfungie ndani na umpeleke mara anapotulia. Usiache wiki tatu zipite.

Anayefanya kazi hii awe daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Tanzania, anayesimamia usajili huo ni Baraza la Veterinari. Si vibaya kuuliza. Kuna watu hodari wa kuhasi madume ya ng'ombe na mbuzi kwa koleo, lakini korodani ziko nje na ovari ziko ndani ya tumbo. Asiyesomea upasuaji asiguse, na asikubaliwe mtu yeyote kumpasua paka bila nusukaputi.

Usiku wa kuamkia upasuaji, paka mkubwa asipewe chakula, ili asitapike akiwa amelala. Maji na muda kamili wa kufunga kula muulize daktari, hasa kwa paka mdogo, maana yeye hatakiwi kukaa na njaa muda mrefu. Msafirishe kwenye boksi lenye matundu au tenga lililofunikwa kanga. Usimbebe mikononi kwenye bodaboda, ataruka.

Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Mlaze mahali pakavu, penye joto na pasipo na vumbi. Mzuie kupanda dari na kuruka kwa siku 10 hivi. Angalia kidonda kila siku: kikivimba sana, kikitoa usaha au kikifunguka, au paka akikataa kula zaidi ya siku moja, rudi kwa daktari. Mzuie kulamba nyuzi. Nyuzi zisizoyeyuka hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Na kama miezi kadhaa baadaye ataanza tena kulia na kuinua makalio, mrudishe, huenda kipande cha ovari kilibaki.

Je, ataacha kukamata panya?

Hili ndilo swali kubwa la wafugaji, na ni swali la haki, kwa sababu paka amewekwa kwa kazi. Jibu ni hapana. Kuwinda hakutoki kwenye ovari. Ni kweli jike mwenye watoto huwinda kwa bidii zaidi ili awalishe, lakini huyohuyo huondoka siku kadhaa akiwa kwenye joto, hurudi na majeraha, na hukaa wiki nyingi akiwa na mimba nzito au amechoka. Aliyefungwa kizazi hubaki karibu na nyumba mwaka mzima.

Kinachobadilika ni kwamba anahitaji chakula kidogo kuliko zamani. Ukimpa kilekile cha awali atanenepa, na paka mnene ni mvivu. Usimnyime pia. Paka mwenye njaa hawi mwindaji bora, anakuwa mwizi wa mboga jikoni na vifaranga uani.

Gharama, na namna ya kuipunguza

Bei inatofautiana kati ya sehemu na sehemu, kwa hiyo ulizia kabla ya kusafiri, na uliza kama dawa za maumivu na kutoa nyuzi zimo ndani ya bei hiyo. Kwa kaya nyingi si fedha ndogo, na usafiri unaweza kuzidi upasuaji wenyewe.

Anza kwa afisa mifugo wa kata yako. Huenda yeye si daktari wa upasuaji, lakini anajua aliye karibu na anaweza kukuunganisha naye. Mkiwa kaya tano au sita zenye paka, kumwita daktari aje kijijini siku moja huwa nafuu kuliko kila mmoja kusafiri peke yake. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro kina hospitali ya wanyama. Kwa wasikilizaji wa Kenya, kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete.

Fuatilia pia matangazo ya chanjo. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na sehemu nyingi hutoa chanjo karibu na siku hiyo. Paka naye anachanjwa, kuanzia umri wa miezi 3. Ni nafasi nzuri ya kumpata mtaalamu ana kwa ana na kumuuliza habari za kufunga kizazi.

Dume naye asisahaulike

Jike ndiye anayelaumiwa, lakini dume asiyehasiwa ndiye anayepigana juu ya bati, kurusha mkojo wenye harufu kali na kuzunguka kijiji kizima. Katika mapigano hayo paka huambukizana magonjwa kwa kung'atana, yakiwemo yanayoua kinga ya mwili wao. Magonjwa hayo hayampati binadamu, lakini paka hayana tiba.

Kumhasi dume ni kazi fupi kuliko ya jike, na kwa kawaida bei yake ni ndogo. Baada ya kuhasiwa anaweza bado kumpa jike mimba kwa wiki chache, kwa hiyo mtenge. Lakini kumhasi dume wako peke yake hakumlindi jike wako, maana shume wa jirani yupo. Ukiwa na fedha za paka mmoja tu, anza na jike.

Kama tayari ana mimba au ananyonyesha

Akiwa na mimba, chuchu huanza kuwa na rangi ya waridi wiki ya tatu hivi, na tumbo huonekana wiki ya tano. Mpe chakula cha kutosha na mahali pa giza na utulivu pa kuzalia. Akisukuma kwa nguvu kwa nusu saa hadi saa moja bila mtoto kutoka, tafuta msaada haraka.

Akishazaa, wape watoto wiki 8 na mama yao kabla ya kuwagawa. Katika muda huo mfungie mama usiku, kwa sababu anaweza kubeba mimba nyingine huku ananyonyesha. Watoto wakishaacha kunyonya, ndio wakati wa kumpeleka kwa daktari. Na anayechukua mtoto jike kutoka kwako mwambie wazi: huyu atalia akifikisha miezi 6, panga mapema.

Ukiwa na paka jike mdogo nyumbani leo, hesabu umri wake. Kama amefika miezi 4, mpigie afisa mifugo wiki hii na uulize mambo mawili tu: daktari aliye karibu ni nani, na bei ni kiasi gani. Kisha uliza majirani ni nani mwingine ana paka. Na kama paka wako ana dalili za ugonjwa tulizozitaja, usisubiri kipindi chetu kijacho. Tafuta msaada leo.